Mlango Wenye Namna Yake

Msikilizaji, tuseme shemeji yako anashuka leo stendi ya Magufuli, pale Mbezi, na wewe bado uko kazini. Ufunguo umemwachia kwa mangi wa dukani. Je, shemeji atafika, atafungua mlango, ataingia na kutua begi lake? Au itabidi umpigie simu umpe darasa: ukifika uvute mlango kwako, uuinue kidogo kwa goti, ingiza ufunguo ila usiuzamishe wote, urudishe nje kama unywele hivi, halafu zungusha polepole, na ukigoma usilazimishe, utakatikia humo.

Kama darasa lipo, basi mazungumzo ya leo ni yako.

Kitasa hakifi siku moja. Kinaanza kwa kukwama asubuhi ya mvua, mtu anausukuma mlango kwa bega, kinakubali, anakwenda zake kazini. Wiki inayofuata kinakwama tena. Taratibu mkono unajifunza: hapa vuta, hapa inua, hapa subiri. Miezi ikipita hakuna mtu wa nyumba ile anayekumbuka kwamba kitasa ni kibovu. Ukiuliza, mama wa nyumba atakujibu kwa mshangao, "Mbona unafunguka? Una namna yake tu."

Mimi naona heri kitasa kilichokufa kabisa. Hicho fundi ataitwa jioni hiyo hiyo, hata kwa kukopa. Kinachokubali kwa masharti ndicho kinachokaa mlangoni miaka na miaka, na masharti yenyewe wanayajua wenye nyumba peke yao. Sasa fikiria usiku, moshi umejaa sebuleni, umeme hakuna, na aliye karibu na mlango ni dada wa kazi aliyefika juzi. Nani alimfundisha habari ya goti? Fikiria pia mtoto wa miaka minne aliyejifungia ndani wakati mama ametoka kuanika nguo. Mama ana ufunguo mkononi, lakini namna yake inataka mlango uvutwe kutoka ndani.

Kwa hiyo tuache kuzoea, tutafute kosa liko wapi. Na kabla hujamwita fundi, kabla hujaenda dukani kununua kitasa kipya, fanya jambo moja. Fungua mlango uuache wazi kabisa. Ingiza ufunguo, uzungushe hivyo hivyo, ulimi wa kitasa utoke hewani. Ukizunguka laini, ulimi ukatoka na kurudi bila ubishi, basi kitasa chako hakina kosa lolote. Kosa liko kwenye mlango wenyewe, au bawaba, au fremu. Ulimi unatoka sawasawa ila haulipati tundu lake. Unagonga bati la fremu juu yake au chini yake, na wewe unayezungusha ufunguo unashindana nguvu na bati. Ndiyo maana ukitia goti unakubali. Goti linaurudisha mlango mahali seremala alipouweka.

Nalisema hili polepole kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Mtu ananunua kitasa kipya, fundi anatoboa, anapachika, na kwa wiki mbili tatu mambo ni safi, maana wakati wa kupachika fundi alilisogeza lile bati kidogo. Kisha mlango unaendelea kushuka, na goti linarudi kazini. Mwenye nyumba anasema vitasa vya siku hizi havina maana. Huenda kweli havina maana, lakini hicho kilisingiziwa.

Kujua ulimi unagonga wapi si kazi ya chuo. Paka chaki kwenye ncha ya ulimi, au rangi ya mdomo ya mtu atakayekusamehe. Funga mlango, zungusha ufunguo mpaka usikie ulimi umegusa, fungua tena, tazama bati la fremu. Alama iko pale. Ikiwa imepishana na tundu kwa milimita moja au mbili, chukua tupa, ulipanue tundu upande huo, umemaliza. Ikiwa imepishana zaidi, usianze kuchimba fremu kwa patasi. Mlango umeshuka, na mwaka ujao utashuka tena.

Mlango hushuka kwa sababu ya bawaba ya juu. Uzito wote wa ubao unaning'inia upande mmoja, kwa hiyo bawaba ya juu inavutwa itoke kwenye fremu na ya chini inasukumwa iingie. Skrubu za juu ndizo zinazochoka kwanza. Ongeza watoto wanaoning'inia kwenye mkono wa kitasa wakiuendesha mlango, ongeza mfuko wa kilo kumi za mchele uliotundikwa hapo "kwa muda", na tundu la skrubu linageuka unga. Ukizikaza zinazunguka tu bila kushika. Dawa yake ni ya gharama ndogo: weka kabari chini ya mlango usilale, toa skrubu, jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, kata zilizozidi, acha zikauke mpaka kesho, kisha rudisha skrubu, na safari hii weka ndefu kuliko zile za mwanzo. Skrubu fupi ni ubahili wa mafundi wetu wengi. Bawaba nzuri ya shaba, skrubu za urefu wa ukucha.

Halafu kuna masika. Kuanzia Machi hadi Mei mbao inakunywa unyevu wa hewa na kuvimba, na inavimba kwa upana, si kwa urefu, ndiyo maana mlango unabana ubavuni, upande ule ule wa kitasa. Mninga maseremala wanausifu kwa kutulia, na wana haki. Paini iliyovunwa changa ikauzwa mbichi haitulii hata uisemeshe. Lakini hata mlango wa mninga una mlango wa maji. Pitisha kiganja juu kabisa ya ubao, pale ambapo jicho halifiki. Ukikuta pamekwaruza, hapakuguswa na vanishi. Seremala alipaka mbele na nyuma, panapoonekana, akaacha kichwa na nyayo za mlango zikiwa tupu, na huko ndiko zilikoishia nyuzi za mbao, ndiko maji yanakoingilia kwa wingi. Mwagizeni apake pande zote sita. Na atakayekuja na randa mwezi wa Aprili mzuieni kama mnaweza kuvumilia. Mlango ukirandwa ukiwa umevimba utafunga vizuri Aprili, ikifika Septemba una upenyo wa kupita mjusi.

Sasa tuseme umefanya jaribio langu, mlango uko wazi, na bado ufunguo unagoma. Hapo kweli kitasa kinaumwa.

Vitasa vingi vya nyumba zetu ni vya aina mbili. Kipo cha ufunguo wenye shingo ndefu na meno machache mwishoni. Ndani yake mna vibati vinavyolala kimoja juu ya kingine, na kila jino la ufunguo linainua kibati chake kwa kimo chake. Mwingereza Robert Barron alipata hataza ya mtambo wa namna hii mwaka 1778. Vya bei rahisi vina vibati viwili au vitatu tu, kwa hiyo michoro ya funguo inayowezekana ni michache na kiwanda kinairudia. Ndiyo maana ufunguo wa jirani unaweza kufungua kwako. Si uchawi, wala jirani hana nia mbaya. Wote wawili mmenunua kitasa cha bei ile ile.

Aina ya pili ni silinda, ya ufunguo bapa. Hii anatudai Mmarekani, Linus Yale mdogo, aliyepata hataza zake mwaka 1861 na 1865. Ndani ya silinda mna vijiti vidogo vya shaba vilivyopangwa jozi jozi, kila jozi imekandamizwa na springi. Mabonde ya ufunguo yanaziinua jozi hizo mpaka maungio yao yote yanakaa kwenye mstari mmoja, na hapo tu silinda inakubali kuzunguka. Wazo lenyewe ni la kale sana. Wamisri wa zamani walikuwa na makomeo ya mbao yenye vijiti vilivyoanguka na kuinuliwa kwa ufunguo wa mbao. Yale alilirudisha kwa chuma, likawa dogo la kuingia mfukoni.

Ukishaelewa hivyo utaona kwa nini ufunguo uliochongwa ukagoma. Tofauti ya unene wa karatasi kwenye bonde moja inatosha kuiacha jozi moja nje ya mstari. Na sisi funguo zetu ni nakala ya nakala: ule wa kwanza alipewa baba, baba akachongesha wa mama, wa mama ukapelekwa kuchonga wa kaka, wa kaka ukachongesha wa dada wa kazi. Ni fotokopi ya fotokopi, kila hatua inapoteza kidogo, na wa mwisho ndio unaotaka kurudishwa nje kama unywele. Ufunguo wa kwanza uliotoka dukani na kitasa uwekwe kabatini, usitumiwe kabisa isipokuwa kwenda kwa mchonga funguo. Na kabla ya kukilaumu kitasa, kijaribu kwa ufunguo huo ambao haujalika. Mara nyingi ugomvi unaishia hapo.

Mafuta. Kuna nyumba dawa ya kila kitu ni chupa ya mafuta ya kupikia. Yakiingia kwenye silinda, siku ya kwanza ufunguo unateleza raha tupu. Baada ya muda yanaganda, yananata, vumbi la barabara linakaa humo, na vijiti vinashikana. Grisi nayo vivyo hivyo. Chukua penseli ya kawaida ya shule, paka risasi yake kwenye meno ya ufunguo pande zote mbili mpaka yawe meusi, ingiza na kutoa mara nyingi, pangusa, rudia. Risasi ya penseli ni kavu na inateleza, vumbi haliipendi. Ulimi wa kitasa ndio unaoweza kupata tone la mafuta ya cherehani, au kusuguliwa mshumaa.

Wenzangu wa Kigamboni, Tanga, Mombasa na Unguja wana adui mwingine, hewa ya chumvi. Springi zinakula kutu, na kitasa kilichopakwa rangi ya dhahabu kinaanza kubabuka kabla ya mwaka kwisha. Nendeni dukani na sumaku ndogo mfukoni. Shaba hainaswi na sumaku. Ikinasa kwenye uso wa kitasa kilichoandikwa shaba, mnauziwa chuma kilichovishwa.

Ufunguo ukikatikia ndani, kosa kubwa ni kuchomeka kile kipande kilichobaki mkononi ili "kivute" mwenzake. Kinamsukuma mbali zaidi. La pili ni gundi kali, hiyo inaua silinda moja kwa moja. Tazama kwanza tundu limesimama vipi. Likiwa limezunguka nusu, lirudishe kwa ncha ya bisibisi bapa mpaka lilingane na lilivyokuwa ufunguo ulipoingia, maana bila hivyo kipande hakitoki. Kisha kwa koleo nyembamba ya mdomo mrefu, au kipande cha msumeno wa chuma wenye meno membamba, kikokote nje. Kikikataa, silinda hubadilishwa bila kung'oa kitasa kizima. Kwenye ubavu wa mlango kuna skrubu moja ndefu, chini kidogo ya ulimi. Ukiifungua na kuligeuza tundu kidogo kwa ile bisibisi, silinda inatoka yote. Wengi hawalijui hili, na wanalipia kitasa kizima, mikono yake na fundi wa kutoboa.

Msikilizaji atasema, mbona husemi habari ya wezi? Nasema. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani mmoja, Alfred Charles Hobbs, alikubali changamoto ya kitasa cha Joseph Bramah, kilichokuwa kimewekwa dirishani mwa duka huko Piccadilly kwa miaka mingi na ahadi ya ginia 200 kwa atakayekifungua bila ufunguo. Hobbs alikifungua. Ilimchukua saa 51 za kazi, zilizogawanywa katika siku 16. Mwizi wa Mbagala hana saa 51. Anakuja na mtarimbo, anautia kati ya mlango na fremu, na kinachoachia si kitasa, ni lile bati la fremu lililoshikwa na skrubu mbili fupi. Mtu aliyenunua kitasa cha laki na nusu akakifungia kwenye fremu ya mbao laini, kwa skrubu zile zile za ukucha, amelinda chuma chake tu. Skrubu ndefu zinazopenya fremu mpaka ukutani zinamsumbua mwizi kuliko jina lililochapwa kwenye boksi.

Ila mwizi hahitaji mtarimbo kama ana ufunguo, na hapa twende kwa wapangaji. Umehamia nyumba, umelipa kodi ya miezi sita mkononi, umekabidhiwa ufunguo. Kabla yako walikaa wangapi? Kila mmoja alichongesha wangapi? Wapo waliomwachia shangazi, wapo waliompa shemeji, na zile funguo bado ziko kwenye droo za watu. Kitu cha kwanza kuingia kwenye nyumba ya kupanga, kabla ya godoro, kiwe silinda mpya.

Nani alipe? Mazungumzo yenyewe tunayajua.

"Baba, kitasa cha mbele kinasumbua."

"Kinasumbua? Mbona mwenzako aliyetoka alikaa hapa na hakulalamika?"

"Labda alikuwa na namna yake, baba."

"Basi na wewe utaizoea."

Mpangaji ananunua kwa pesa yake. Siku ya kuhama anakumbuka maneno yale, anachukua bisibisi, anaondoka na kitasa chake na kurudisha kile kibovu. Anayekuja anakuta kibovu, na baba mwenye nyumba anashangaa kwa nini wapangaji wa siku hizi hawana adabu. Mimi upande wangu uko wazi: mlango wa mbele ni mali ya nyumba, hauhamishiki, na anayepokea kodi ya miezi sita anaweza kununua silinda moja. Kama hataki, waandikiane: mpangaji anunue, pesa ikatwe kwenye kodi, kitasa kibaki. Karatasi ya daftari yenye sahihi mbili inatosha.

Nirudi kwenye moto, kwa sababu ndio unaoninyima raha. Nje ya mlango wa mbao tuna mlango wa grili, na grili ina kufuli, na usiku kufuli linafungwa kwa ndani, na ufunguo wake uko chini ya mto wa baba. Madirisha nayo yana nondo. Ukihesabu, nyumba nzima ina njia moja ya kutokea, na njia hiyo inataka funguo mbili, mmoja wake wa kitasa chenye namna yake. Wazee wetu wa mwambao walikuwa na milango ya kutisha, ile ya Mji Mkongwe na Lamu, mbao nene na mfaa katikati, lakini kwa ndani ilikuwa komeo na pingo. Aliye ndani alitoka kwa mkono mtupu. Silinda zenye kitasa cha kuzungusha kwa vidole upande wa ndani zinauzwa Kariakoo na bei haipishani sana na ya zile za funguo pande mbili. Kama mlango wako una kioo karibu na kitasa, hapo najua mwizi atavunja kioo na kupenyeza mkono, basi baki na ya funguo mbili, ila ufunguo wa ndani utundikwe kwenye msumari ukutani, pale ambapo mtoto mkubwa anafika na mkono wa dirishani haufiki. Wa kufuli la grili utundikwe hapo hapo. Na kila anayelala humo ndani, hata mgeni wa usiku mmoja, aonyeshwe ule msumari na afungue mwenyewe mara moja taa zikiwa zimezimwa. Shemeji naye asisamehewe.

La mwisho ni fundi. Akishamaliza kazi atafungua na kufunga mara moja, mlango ukiwa wazi, atasema tayari, na atanyoosha mkono. Mwambie asubiri. Mlango ufungwe. Toa funguo zote zilizomo kwenye boksi, kwa kawaida ni tatu, na kila mmoja uzungushwe kutoka nje na kutoka ndani, na anayezungusha asiwe fundi, awe mtu mdogo kuliko wote wa nyumba anayeweza kushika ufunguo. Mmoja ukigoma, atakayeurudisha dukani ni yeye, kwa nauli yake, na malipo yanamsubiri mezani.